Treni za Eapoti Ughaibuni na Ndege Ikikuwacha: Mwongozo Kamili kwa Msafiri wa Kutoka Mombasa

Maswali ni yale yale kila mwaka. Septemba watoto wakienda vyuoni, msimu wa umra ukianza, Disemba walioko Ulaya wakija harusini, simu zaanza kuingia: nimepanda treni imenipeleka kwengine, ndege imeniwacha nifanyeje, na ukimuuliza mtu polepole wagundua makosa ni mawili matatu tu yanajirudia.

Sababu yaeleweka. Uwanja wetu wa Moi hapo Port Reitz, teksi ikikushusha ushafika, terminali mbili zimepakana, treni hakuna. Mtu anatoka hapa hajawahi hata siku moja kuulizwa "terminali gani?" alafu anatupwa Heathrow ama Paris na masanduku mawili.

Huu mwongozo nimeugawa sehemu mbili, ya kwanza treni na ya pili ndege ikishakuwacha. Kama sai umesimama mbele ya geti lililofungwa, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 8, mengine utasoma ukitulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Ile namba ya buku, yaani ya kuwekewa nafasi ya safari, ya herufi na tarakimu sita (PNR) na namba ya tiketi yenyewe ya tarakimu 13. Hizi ni vitu viwili tofauti, ntaeleza mbele kwa nini. Ziandike kwenye karatasi pia, manake simu huzima.
- Kadi ya benki ya kugusisha kwenye mashine. Mageti ya treni za kule hayaijui M-Pesa, na ile kadi ya Visa ya M-Pesa ni ya kununulia mtandaoni, haina plastiki ya kugusisha getini.
- Pawabanki, na ikae kwenye mkoba wa mkononi, haikubaliwi kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.
- Adapta ya soketi. Plagi yetu ya miguu mitatu yaingia London na Dubai bila shida, lakini Paris, Frankfurt, Istanbul na Marekani haiingii.
- Intaneti ya siku ya kwanza, iwe roming ama eSIM. Waifai ya uwanjani ipo, ila ukishaingia ndani ya treni imekuwacha.
- Picha ya stika ya sanduku (ile kipande wanachokubandikia nyuma ya boding pasi) na picha ya sanduku lenyewe.
- Mkobani: dawa zako, nguo moja ya kubadilisha, na leso. Leso ni shuka, ni pazia, ni mswala, na viti vya eapoti usiku vina baridi ya kiyoyozi isiyokuwa na huruma.
- Namba ya simu ya wakala aliyekukatia tiketi, ile ya usiku, sio ya ofisi. Ofisi ikishafungwa saa kumi na moja jioni hapa Mombasa wewe kule ndio kwanza mchana.

# SEHEMU YA KWANZA: TRENI

## Hatua ya 1: Soma saa na tarehe vile tiketi inavyosema

Naanza na hili kabla ya treni yoyote kwa sababu ndilo linalowakosesha watu ndege wakiwa bado wamelala vizuri nyumbani.

Tiketi huandika kwa saa 24. 19:40 ni saa moja na dakika arobaini usiku, sio saa tisa na kitu. Hiyo wengi waijua. Inayoua ni ile ya baada ya saa sita usiku. Ukiona Ijumaa 00:35, hiyo ni usiku wa Ijumaa kama tunavyohesabu sisi pwani, ule wa kuamkia Ijumaa, kwa hivo Alhamisi ukishaswali isha ndio watoka. Mtu akifikiria "Ijumaa usiku" amechelewa siku nzima, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Alafu kuna saa za nchi. Doha, Istanbul na Addis Ababa ziko saa moja na sisi. Dubai iko mbele saa moja. London iko nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto, manake Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Simu hujibadilisha yenyewe, saa ya mkononi haijibadilishi.

Umefaulu ukiwa waweza kumwambia mtu wa nyumbani, "natoka mlangoni siku fulani, saa fulani", bila kuangalia tiketi tena.

## Hatua ya 2: Jua uwanja, alafu terminali

Jina la mji halitoshi. London ina Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted, Luton na nyenginezo, na ni mbali mbali kabisa. Istanbul ina mbili, IST iko upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen (SAW) iko upande wa Asia. Zile herufi tatu kwenye tiketi ndizo za kufuata.

Ukishajua uwanja, tafuta terminali. Heathrow ina terminali 2, 3, 4 na 5 (ya 1 ilifungwa 2015, usiitafute). Gatwick ina Kaskazini na Kusini, na stesheni ya treni iko Kusini, kwa hivo ukiwa wa Kaskazini ukishuka bado wapanda kile kitreni cha bure cha dakika chache. Kuala Lumpur treni ya kutoka mjini husimama Terminali 1 kwanza alafu Terminali 2, usilale ukapitishwa. Jeddah, treni ya Haramain ya kwenda Makka na Madina ina kituo chake Terminali 1, sio kwenye Terminali ya Mahujaji.

Na Dubai hapa watu wetu huumia sana. Metro ya laini nyekundu husimama Terminali 1 na Terminali 3. Terminali 2 haina metro, iko upande wa pili wa uwanja, na ndege nyingi za flydubai hutumia hiyo hiyo Terminali 2. Ukishushwa T3 na ndege yako iko T2 hutembei kwa miguu, watafuta basi ama teksi na muda ndio huo unaenda.

Onyo: terminali hubadilika. Angalia tena siku moja kabla kwenye programu ya shirika lenyewe, sio kwenye tiketi uliyotumiwa miezi mitatu nyuma.

## Hatua ya 3: Treni isome mwisho wake

Hapa ndipo penye kazi, nitakaa kidogo.

Laini moja ya treni yaweza kuwa na matawi. Zote zapita plafomu moja, zina rangi moja, jina moja, alafu mbele huko zinaachana. Ni kama matatu mbili zinazovuka daraja la Nyali pamoja, moja ikakata Kisauni nyengine ikashika njia ya Bamburi, ila treni haina manamba wa kukuita na kukuuliza waenda wapi. Kazi ya manamba inafanywa na ubao, na usipousoma huo ubao hakuna atakayekusemesha.

Kwa hivo kanuni ni moja: usipande kwa jina la laini, panda kwa jina la kituo cha mwisho kilichoandikwa kwenye ubao wa plafomu na kwenye paji la treni.

Mifano ile inayosumbua:

London, laini ya Piccadilly. Ina matawi upande wa magharibi. Kuna inayokwenda Uxbridge ama Rayners Lane, hiyo haifiki Heathrow kabisa, zinaachana Acton Town. Zinazokwenda Heathrow nazo ni aina mbili, moja imeandikwa Terminali 4 na moja Terminali 5. Zote mbili zapitia 2 na 3. Lakini ya 4 haifiki 5, na ya 5 haifiki 4. Laini ya Elizabeth ni hivo hivo, na zaidi ina treni zinazoishia Reading ama Maidenhead ambazo haziingii uwanjani. Ukikosea usitokwe na jasho, shuka stesheni ya 2 na 3, kutoka terminali moja hadi nyengine kwa Elizabeth ama Heathrow Express ni bure, uliza tu utaratibu wa tiketi hapo.

Paris, RER B. Inaachana Aulnay-sous-Bois, tawi moja laenda eapoti ya Charles de Gaulle na jengine laenda Mitry-Claye. Mbele ya treni pana kijineno cha herufi nne kisichokuwa na maana yoyote, wewe angalia herufi ya kwanza tu: ya kwenda eapoti huanza na E. Kisha ubao wa plafomu una orodha ya vituo na taa, kituo chenye taa ndipo treni hiyo inaposimama. Na ukifika uwanjani kuna stesheni mbili. Ya kwanza ni ya Terminali 1 na 3, ya pili, ambayo ndio mwisho, ni ya Terminali 2. Terminali 2 nayo imekatwa kutoka A hadi G, na hiyo G imejitenga, waenda kwa basi, ongeza muda.

Munich, S1. Hii ni ya vituko. Treni ni moja, ikifika Neufahrn inakatwa vipande viwili, mabehewa ya mbele yaenda Freising na ya nyuma yaenda eapoti. Waweza kuwa kwenye treni sahihi kwenye behewa baya. Kaa nyuma, soma maandishi ya kwenye mlango wa behewa. Ukitaka usingizi panda S8, hiyo yaenda yote.

New York, treni ya A. Ya kwenda JFK ni ile ya Far Rockaway ama Rockaway Park, washuka Howard Beach wapanda AirTrain. Ile iliyoandikwa Lefferts Boulevard haikufikishi. Wengine huona afadhali treni ya E hadi Sutphin Boulevard, huko nako kuna AirTrain.

Doha, laini nyekundu. Upande wa kusini inaachana, moja eapoti ya Hamad na moja Al Wakra.

Dubai ukitoka uwanjani. Metro yaenda pande mbili. Upande wa Centrepoint ni kuupa mji mgongo, wa Deira na Burjuman waenda upande wa pili. Na metro haifanyi kazi usiku kucha, usiku hufungwa, na Jumapili asubuhi huchelewa kufunguliwa kuliko siku nyengine. Ndege yako ikiwa ya alfajiri panga teksi mapema.

Ukishapanda kimakosa: usiruke nje kwa pupa ukawacha sanduku ndani. Shuka kituo kinachofuata, vuka plafomu, rudi hadi pale matawi yanapoachana, anza tena. Kukaa ndani ukisema "pengine itazunguka" ndiko kunakomaliza muda.

Umefaulu ukiwa kwenye kituo cha kwanza baada ya matawi kuachana na jina la hicho kituo lipo kwenye njia ya eapoti. Huo ndio wakati wa kutoa simu uongee na watu.

## Hatua ya 4: Kulipa na kutoka getini

London waweza kugusisha kadi ya benki, hakuna haja ya kupanga foleni ya tiketi. Lakini kadi uliyoingilia ndio hiyo hiyo ya kutokea. Ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu, hata kama simu ina kadi ile ile ndani, mashine zaona watu wawili, wote wawili hawakumaliza safari, na wote wawili watakatwa nauli ya juu.

Paris tunza tiketi mpaka uvuke geti la mwisho, bila hiyo hutoki. Nauli ya eapoti Paris ni tofauti na ya mjini, tiketi ya kawaida ya metro haikufikishi na wakaguzi hukaa pale pale uwanjani wakingojea wageni wenye masanduku. Faini hailii wala haisikilizi "sikujua".

JFK, AirTrain ni bure ukizunguka baina ya terminali, ila ukitoka Jamaica (ile stesheni ya Sutphin Boulevard) ama Howard Beach walipa.

## Hatua ya 5: Treni zilizo ndani ya uwanja

Kuna treni ambazo ziko ndani kwa ndani baada ya ukaguzi. Dubai Terminali 3 kutoka upande wa B kwenda A, Heathrow Terminali 5 kutoka A kwenda B na C, Doha ya juu kwa juu, Atlanta ya chini ya ardhi. Hizi hazina nauli na hazipotezi mtu sana, tatizo ni moja tu: mtu huona treni akapanda kabla geti lake halijatangazwa. Heathrow T5 ukishavuka kwenda B ama C kurudi A ni mzunguko. Ngoja skrini iseme geti, alafu panda.

Na kuna tofauti kubwa ambayo wenye pasipoti yetu lazima waijue. Treni nyengine za kuunganisha terminali ziko nje ya mpaka wa uhamiaji. CDGVAL ya Paris, ile ya bure inayounganisha Terminali 1, 2 na 3, iko nje. Kama wewe ni wa transiti na huna viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) huwezi kuitumia, wewe fuata alama za wanaounganisha ndege zikupeleke kwenye basi la ndani. Heathrow alama hizo ni za rangi ya zambarau. Ukifuata alama za kutoka ukajikuta mbele ya afisa wa uhamiaji bila viza, umepoteza nusu saa kwa uchache.

## Hatua ya 6: Hesabu kurudi nyuma

Watu huhesabu kutoka nyumbani kwenda mbele. Geuza. Tuseme ndege ni 20:00. Kaunta ya masanduku kwa safari ndefu mara nyingi hufungwa saa nzima kabla, yaani 19:00. Uwe umesimama kwenye foleni hiyo 17:00. Treni ya Piccadilly kutoka katikati ya London ni karibu saa nzima, ongeza muda wa kukosa treni moja, ongeza kutembea na sanduku ndani ya stesheni, kwa hivo 15:15 uko plafomu. Sio chumbani, plafomu.

Wikendi London na Paris hupenda kufunga vipande vya reli kwa matengenezo, na Ufaransa migomo haikosi. Angalia usiku wa kuamkia safari.

## Hatua ya 7: Usisahau nyumbani pia kuna treni

Ukitoka Mombasa kuunganisha Nairobi, ndege ya ndani hutua 1D na ya kimataifa ya Kenya Airways huondokea 1A, watembea kidogo, haina shida. Shida ni wale wanaopanda SGR Miritini wakidai watashuka Syokimau waende JKIA jioni hiyo hiyo. Yawezekana, njiani ni kama saa tano hadi sita, lakini ukichelewa njiani shirika la ndege halikujui. Mimi naona ukilala Nairobi usiku mmoja ni nafuu kuliko tiketi mpya.

# SEHEMU YA PILI: NDEGE IMEKUWACHA

## Hatua ya 8: Okoa tiketi iliyobaki kwanza

Sio sanduku, sio hoteli, sio kumpigia mama. Tiketi.

Sababu: usipotokea kwenye kipande cha kwanza cha safari, mashirika mengi hufuta vipande vyote vinavyofuata, pamoja na kurudi. Mtu amekosa ndege ya London–Doha, anajinunulia nyengine ya haraka ya shirika tofauti mpaka Doha, akifika anaambiwa kiti chako cha Doha–Mombasa hakipo tena. Hela zimetoka mara mbili na bado yuko Doha.

Kwa hivo ukijua tu kwamba hufiki, hata kama bado uko ndani ya treni imesimama shimoni, pigia shirika ama ingia kwenye programu yao *kabla ndege haijaruka*. Waambie maneno mawili: sitafika, nibadilishieni ndege inayofuata na mhifadhi safari zilizobaki. Kabla ya kuruka wewe ni mteja anayebadilisha, baada ya kuruka wewe ni mtu asiyetokea, na bei za hao wawili hazifanani.

Onyo: namba ya simu ichukue kwenye tiketi ama kwenye programu ya shirika. Ukilalamika kwenye mitandao ya kijamii watakurukia watu wenye nembo ya shirika, wakuombe PNR na namba ya kadi. Hao ni wezi.

## Hatua ya 9: Usibishane na geti

Geti likifungwa limefungwa. Hata ukiiona ndege kwa dirisha. Sanduku la abiria asiyepanda linatolewa tumboni kwa sababu za usalama, makaratasi ya uzito yashapelekwa kwa rubani, yule binti wa getini hana ufunguo wa kurudisha hayo. Kelele hapo zinakuletea polisi na zinakula dakika ambazo wenzako wanazitumia kuchukua viti vilivyobaki kwenye ndege inayofuata.

Kama bado hujafika getini lakini dakika zimebana, hapo sema. Mfuate mfanyakazi wa kwanza kwenye foleni ya ukaguzi, muonyeshe boding pasi, "ndege yangu inafunga sasa hivi". Viwanja vingi wana njia ya wenye haraka. Kuona haya hapa hakuna faida.

## Hatua ya 10: Jua wewe ni wa kundi gani

Kundi A, buku moja. Safari yote iko chini ya PNR moja, ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikakuwacha. Hili ni deni la shirika. Wanakuweka kwenye inayofuata bila malipo, hata iwe ya shirika jengine wanaloshirikiana nalo.

Kundi B, tiketi mbili tofauti. Ulikata mwenyewe rahisi hapa na rahisi pale. Shirika la pili halina habari na la kwanza. Hata hivyo nenda kaunta kwa upole, mara nyengine hukubali kubadilisha kwa ada, lakini ni hisani sio haki.

Kundi C, umechelewa mwenyewe. Treni, foleni, usingizi. Walipa ada ya kubadilisha na tofauti ya bei. Kabla ya kulipa uliza bei zote mbili, ya kubadilisha na ya tiketi mpya, manake kuna siku mpya ni rahisi. Ila ukinunua mpya rudi hatua ya 8: kipande cha kurudi kiko salama ama kimefutwa? Na zile kodi za uwanja kwenye tiketi usiyoitumia, ulizia kurudishiwa, mara nyengine hurudi hata kama nauli hairudi.

## Hatua ya 11: Foleni mbili kwa mpigo

Ndege ikichelewa mko watu mia kaunta moja. Ingia foleni ya kaunta, hapo hapo piga simu, hapo hapo fungua programu. Itakayojibu kwanza ndio hiyo. Na nenda na jibu lako mkononi: angalia mwenyewe ndege zinazofika Mombasa ama Nairobi kupitia Addis, Doha, Dubai, Istanbul, umwambie yule wa kaunta "hii ya saa fulani ina nafasi?" Yeye kachoka, ukimrahisishia atakurahisishia. Kama Mombasa imejaa kubali Nairobi, ukifika Nairobi ushafika nyumbani.

Kama ulikatiwa na wakala, huenda kaunta wakakwambia rudi kwa wakala wako. Mpigie ile namba ya usiku, lakini usitoke kwenye foleni.

Umefaulu lini? Hapa wengi hudanganyika. Kupewa karatasi yenye ndege mpya sio kufaulu. Buku yaweza kuwa mpya na tiketi haijatolewa upya, kesho yake kaunta wakakwambia jina tunaliona lakini tiketi hakuna. Uliza waziwazi: "tiketi imetolewa upya?" na uone ile namba ya tarakimu 13 ikiwa sambamba na safari mpya. Afadhali zaidi, toka na boding pasi.

## Hatua ya 12: Sanduku

Uliza liko wapi na litapanda ndege gani. Ukilala uwanjani waweza kuomba lirudishwe ama upewe kile kifuko cha mswaki na fulana. Ukifika na sanduku halijafika, usivuke mlango wa forodha kabla hujajaza fomu ya upotevu na kupewa namba. Kwa mkataba wa Montreal, ambao Kenya imo, malalamiko ya sanduku lililoharibika ni ndani ya siku 7 kwa maandishi, na lililochelewa ni ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Marekani jiandae kwa jambo jengine: kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia kawaida wachukua sanduku mwenyewe, wapita forodha, walirudisha tena. Ukiunganisha huko kwa saa moja na nusu umejitafutia.

## Hatua ya 13: Utalala wapi na kwa viza gani

Shirika laweza kukupa vocha ya hoteli nzuri mjini na usiweze kuitumia, kwa sababu hoteli iko nje ya uhamiaji na wewe huna viza. Sema mapema: "nina pasipoti ya Kenya, sina viza ya kutoka." Doha, Dubai na Istanbul zina hoteli ndani kwa ndani upande wa transiti, omba hiyo. Ikishindikana, omba vocha ya chakula na chumba cha kupumzikia.

Angalia pia njia mpya wanayokupa. Uingereza Mkenya ahitaji viza hata ya kupita uwanjani tu. Schengen, ukipewa njia ya ndege mbili ndani ya nchi zao, mfano Amsterdam kisha Frankfurt ndio utoke, hiyo ni kuingia Schengen kamili. Yule wa kaunta anatafuta kiti, hatafuti viza yako. Ikubali njia baada ya kuikagua wewe.

Hapo sasa ndio utume ujumbe nyumbani: "Bamdogo, shikamoo, msije uwanjani leo, nafika kesho saa nane mchana inshallah, niko salama." Andika saa kwa Kiswahili na siku kwa jina, wasije wakakungojea Port Reitz usiku kucha.

## Hatua ya 14: Karatasi za madai, usingoje ufike

Omba barua ama ujumbe wa shirika unaosema ndege ilichelewa na kwa nini. Weka boding pasi zote, hata ya ndege iliyokuwacha. Risiti za chakula, maji, teksi, zipige picha siku hiyo hiyo, wino wake hufutika.

Ndege ikiwa imetoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, shirika lolote liwe, ama imeingia Ulaya na shirika la Ulaya, kanuni nambari 261 ya 2004 inakuhusu. Haiangalii pasipoti, yaangalia safari. Kwa buku moja, ukifika mwisho wa safari umechelewa saa 3 ama zaidi kwa kosa la shirika, fidia ni yuro 250, 400 ama 600 kulingana na umbali, na kutoka Ulaya hadi Mombasa ni lile kundi la 600, ingawa kuchelewa kusipofika saa 4 wanaweza kukupa nusu. Hali ya hewa mbaya yaondoa fidia, lakini chakula na malazi bado ni juu yao. Uingereza ina sheria yake inayofanana, hulipa kwa pauni.

Kwa hivo Paris–Addis–Mombasa umo, hata kama shirika si la Ulaya. Mombasa–Istanbul–Frankfurt na shirika la Uturuki haumo, manake umetoka nje na shirika si la Umoja huo.

Dai litume wewe mwenyewe kwa fomu iliyoko kwenye tovuti ya shirika, na PNR, namba za ndege, saa uliyofika, na risiti. Wale mawakala wa mtandaoni wanaojitolea kukudaia hukata sehemu nono. Wakikujibu kwa vocha na wewe wataka hela, kataa kwa maandishi, wala usibonyeze popote pa "nakubali". Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ile ndege ilikoondokea, ukiambatanisha barua pepe zako zote na tarehe zake.